Mkwaruzo

Sidii ile iliachwa na mwalimu wa hesabu kutoka Ohio
alipomaliza miaka yake miwili ya kujitolea Tororo,
pamoja na gitaa la umeme lenye nyuzi tano
na ndoo ya kufulia.
Ndoo aliichukua mama.

Vijana wanne juu ya jalada, mbele ya gereji,
nywele hazijachanwa, hakuna anayecheka.
Jina lao mende walikuwa wamelila nusu,
basi tukawaita Wale.

Wimbo wa nne ulikuwa na mkwaruzo.
Katikati ya ubeti wa pili, tak!
ulirukia mwisho wa kiitikio
kama mtu aliyekosa ngazi gizani
akatua kwa miguu yote miwili.
Sisi tulidhani ndivyo ulivyotungwa.

Miezi mitano, katika stoo ya saruji ya mjomba wake Oketcho,
tulijifunza kuanguka pamoja:
Ikwap kwenye ngoma, akihesabu kwa Kiteso,
Nabwire akiimba maneno ambayo si Kiingereza wala Kisamia,
Oketcho na nyuzi zake tano,
mimi na besi niliyochongewa na fundi wa vitanda.
Hadi leo nikikohoa
naonja mazoezi.

Watu walituuliza, roki ni kitu gani?
Oketcho alinyoosha kidole juu ya mabati,
kwenye lile jabali linaloutazama mji.
Wakasema moja linatosha.

Harusi ya kwanza, Malaba, tulilipwa ili tuache.
Ya pili hatukulipwa, tukaendelea.

Kisha Mbale, ukumbi wa chama cha ushirika.
Umeme ulikatika wimbo wa pili.
Ikwap hakusimama. Nabwire alipanda kreti ya soda
akaimba bila kipaza sauti, mishipa ya shingo nje,
na tulipofika pale, tak!
ukumbi mzima uliruka nasi,
watu mia moja na ushee, gizani,
sakafu ikajibu mara moja tu.
Mimi ndiye niliyeshika daftari. Usiku ule niliandika:
*Petroli ya jenereta, elfu kumi na mbili. Haikutumika.*
Sikujua kwamba sitaandika tena kitu kikubwa kuliko hicho.

Wandegeya tulirekodi nyimbo saba.
Fundi wa studio, mtu mpole, alisema, hapa mmeteleza,
akapaziba kwa kompyuta, bila malipo ya ziada.
Redio iliupiga wimbo mara tatu,
mara moja saa tisa usiku.

Hakuna aliyesema tumevunjika.
Ikwap alipata lori la kwenda Juba.
Nabwire, uuguzi, Lira, halafu mume, halafu kimya.
Oketcho aliokoka; kanisa likamnunulia gitaa zima,
na kwenye ule uzi wa sita
akapotea kabisa.
Ufunguo wa stoo ulibaki mfukoni mwangu miaka miwili
mpaka mjomba alipokuja kuudai, akiwa na mifuko yake nje, mvua inakuja.

Wiki jana binti yangu ameupata wimbo kwenye simu.
Mzima. Amewapata na Wale:
walikuwa wameshaachana
kabla mwalimu hajafunga sanduku lake.
Mmoja anauza nyumba. Mmoja hatajwi.

Nilisikilizia kazini, kwenye mizani ya kiwandani.
Ubeti wa pili ukaja. Nikajiandaa.
Wimbo ukapita pale taratibu, kama bwana harusi,
ukafungua dakika nzima nisiyoijua:
gitaa linatafutatafuta, mlango unafungwa,
mtu kwa mbali anakohoa.
Kumbe walikuwa na vumbi lao.

Lakini mguu wangu ulikwisha kuinuka.
Ukatua peke yake kwenye bamba la mizani,
sindano ikatikisika,
na dereva wa tani thelathini akatoa kichwa dirishani
kuuliza kama hiyo nayo nimemwandikia.