Sijaona

Barua zetu huandikwa Dar es Salaam,
na ni kweli, Mvuti ni Dar es Salaam,
ila lami ilituaga kulekule Chanika
na umeme huja kama mgeni wa msibani:
anakaa kidogo, anatazama saa, anaondoka.

Darasa la nne, sabini na mmoja.
Naita majina. "Sijaona!"
"Nipo, mwalimu." Wenzake wanacheka,
kila asubuhi wanacheka, mwaka wa nne sasa.
"Mwavua!"
Kimya. Dawati lake lina vumbi tangu Jumatatu.
Yuko zahanati, na dripu, na mama yake.

Leo nina hadubini ya kuazima,
nimeifunga kwa kanga ya mke wangu, mafundo matatu,
na simu ya mradi, kioo kimepasuka pembeni.
Maji nimeyachota kisima cha akina Mwavua,
meupe pe, yanang'aa kwenye chupa ya soda.
"Yana nini?"
"Hayana kitu!" Sabini wanajibu kwa mpigo.

Foleni inazunguka darasa, inatoka nje,
inafika kwenye mihogo.
Mmoja mmoja, jicho la pili limezibwa kwa kiganja
maana kufumba jicho moja nako ni somo.
Pazi anaruka nyuma: "Vinatembea!"
Zamoyoni anauliza kama navyo vinamwona.
Sijaona anainama muda mrefu, foleni inanung'unika,
anaondoka bila neno, anafuta mikono kwenye sketi,
anaifuta tena.

Nawaambia: hao mliowaona ni majitu.
Bakteria ni wadogo zaidi, wadogo hata kwa hadubini hii.
Na msiwachukie wote. Maziwa ya bibi yako
hayakuganda kwa dua.
Ukimfukuza kila mpangaji,
tumbo lako litabaki gofu.

Saa nne na nusu, zamu ya simu.
Akili unde, naandika ubaoni, chaki inavunjika.
Unde, yaani iliyoundwa, Pazi,
kama kigari chako cha makopo,
ila hii haisukumwi, inalishwa mifano:
picha elfu, hii chafu, hii safi, hii chafu,
mpaka siku moja inabahatisha yenyewe.
Haya, tuijaribu. Togwa ya mama Zamoyoni,
ya mtama, ya jana, tamu hata nzi wameijua njia.
Simu inatafakari, kisha:
MAJI MACHAFU. USINYWE.

Darasa linapasuka. "Jinga hilo!"
"Limemtukana mama yangu!"
Hata mimi nacheka mpaka machozi.

Sijaona hacheki.
"Siyo jinga," anasema. "Haijaona."

Kimya cha namna ile sikufundishwa chuoni.
Nilikuwa nimeandaa maelezo, kurasa mbili.
Nikazikunja, nikazitia mfukoni.

Mchana wakaleta vya kwao:
maji ya mtungi, ya dimbwi la bata,
ya bomba lile linalokumbuka Alhamisi tu,
tui, uji, togwa ya nyumba tatu tofauti
(wakabishana ipi ni togwa kweli).
Tukapiga picha, tukaandika chini yake kila jina
kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa,
kama unavyomwelekeza mgeni aliyepotea
asiyejua hata kama amepotea.

Nusura niyasahau yale ya kisima.
Simu ikayatazama, ikazunguka, ikazunguka.
SAFI, ikasema. Asilimia tisini na moja.
Wote wakaniangalia mimi.
Mimi nikaangalia dawati.

Usiku, kwa tochi, nimefika daftari la Sijaona.
Mistari mitatu, mwandiko umelalia kushoto:

Simu imesema safi.
Mimi nimeona.
Tumechemsha.