Mguu wa Bakuli

Mgeni kutoka Osaka alilipindua kabla ya kulitazama.
Ndivyo walivyo wajuzi: bakuli huulizwa mguuni
kama farasi wa mnadani anavyoulizwa menoni.
Akakuta mguu umekatwa pengo,
akanisimulia kisa ninachokijua tangu utotoni,
kwamba wafinyanzi wa Hagi walivitia vyombo dosari
visiwe vya bwana mkubwa peke yake,
na sisi tupate kunywea.
Nikaitikia kama mtu anayekisikia leo.

"Na kasha lake? Lile la mbao, lenye saini?"

Halina kasha.
Mama alipimia mchele kwa bakuli hili miaka kumi na mmoja.
Mfinyanzi hulia gaeni:
kwetu haikuwa methali, ilikuwa meza.
Mazima yalikwenda Kyoto yamefungwa hariri,
tukabaki na yaliyopinda, yaliyobabuka,
yaliyoegemeana tanurini kama walevi
yakagandana.

Baba yangu, Kumaji, hakuwa mtu wa maneno.
Tanuri lake lilipanda kilima, vyumba vitano,
naye alililisha kuni za msonobari siku tatu, usiku na mchana,
akisikiliza.
Moto, alisema, hukohoa unapokaribia kuivisha.
Sikumbuki akiniambia jambo refu kuliko hilo.
Asubuhi ya kufungua alishika nyundo.
Mimi niliokota vigae kwa kapu nikavimwaga mtoni,
na hata leo, maji yakipungua, mto hutoa meno.

Hili aliliinua.
Akautazama mdomo wake uliolegea upande mmoja
kama wa mtu aliyetaka kusema, akaghairi.
Nyundo akaiweka chini.
Sikumuuliza kwa nini,
na sasa nimuulize nani?

Lilipokuwa jipya lilivuja.
Ukilitia chai lilitokwa jasho mguuni,
likaacha duara la maji mkekani,
na Mama akalalamika, akafuta, akapimia mchele.
Ngozi yake ina nyufa nyembamba kuliko unywele.
Chai iliingia humo mwaka baada ya mwaka
ikahamia kabisa.
Liliacha kuvuja mwaka aliozaliwa Ryuhei, mwanangu,
likiwa na rangi ya shavu la mtoto aliyetoka kuoga.
Tulipomzika Mama lilikuwa na doa la kijivu, umbo la wingu.
Sasa sijui niite rangi gani.
Ni kalenda isiyo na tarehe, basi.

Chini kabisa, mahali maji ya jivu hayakufika,
pana alama tatu kavu.
Alilishika hapo akilichovya.
Baba hakuwahi kunishika mkono,
hata kituoni, siku niliyokwenda Fukuoka kutafuta kazi:
aliinama, akalisalimia sanduku langu.
Kila asubuhi nachapa chai kwa mchapo wa mwanzi
hadi povu lisimame,
nalibeba bakuli kwa mikono miwili,
na vidole vyangu vinatafuta vyake.
Havijazi. Pembeni hubaki ubaridi kidogo.

Mgeni alitaja bei.
Bei nzuri, kwa kitu kisicho na kasha.
Nikamwomba anywe kwanza.
Akalizungusha kiganjani, mara mbili, kwa adabu zote,
na upande uliolegea ndio ukamfikia mdomoni:
chai ikamtiririka kidevuni hadi kwenye tai.
Akacheka. Alicheka vizuri, kama mtu asiyejua chochote,
na bei hatukuitaja tena.

Ameondoka na treni ya saa kumi.
Nimeliosha kwa maji ya moto, bila sabuni,
nikalipindua juu ya kitambaa, nikatoka kufagia theluji.
Niliporudi nikaliinua.
Palikuwa na duara dogo la unyevu.
Huenda ni maji ya kuoshea.
Huenda.