Dakika Nne

Baba alisoma mita za umeme miaka thelathini na miwili,
nyumba kwa nyumba, kusini yote ya Krete,
mbwa wakimjua kwa harufu ya mfuko wake wa ngozi.
Alipostaafu, mkono ulikataa kukaa bure.
Akanunua daftari la mistari,
akakivuta kiti cha kamba hadi ukingo wa dari,
akaanza kuisoma nyota.

Si nyota zote. Moja.
Kanopo, ambayo watu wa kaskazini hufa hawajaiona,
na kwetu huchungulia tu
kama mdeni anayepita nyuma ya ua:
juu ya Bahari ya Libya, kimo cha kidole kimoja na nusu
ukiunyoosha mkono.
Huibuka kushoto, penye Jabali la Punda,
huambaa chini chini,
huzama kulia, kwenye tangi la maji la Kalitsa.
Safari yake yote ni hiyo. Haifiki saa tatu na nusu.

Mama aliiita mke mwenza.
Lakini ni yeye, Anezina, aliyepanda ngazi na blanketi
usiku ambao upepo ulikuwa na meno.

Ninayo madaftari. Nafungua popote:

*Februari 9. Saa mbili na dakika ishirini na sita. Nyekundu, inatetemeka.*
*Februari 10. Mbili na ishirini na mbili. Hoteli imewasha taa za bwawa. Shenzi.*
*Februari 11. Mlango umefungwa.*

Hivyo ndivyo alivyoandika zamani
alipobisha nyumba asikute mtu.
Sasa mawingu yakikaa juu ya bahari, maneno ni yaleyale:
mlango umefungwa, nitarudi kesho.
Na kesho alijua arudi saa ngapi.
Dakika nne mapema, kila usiku, bila kupunguza, bila kuongeza,
tangu Oktoba inapoonekana alfajiri, wachunga mbuzi wakipiga miayo,
hadi mwisho wa Machi
machweo yanapoimeza kabla haijatulia.

Kisha mtoto wa jicho akaingia,
jicho la kulia kwanza, halafu na mwenzake.
Mimi, mtoto wake wa tumbo la Anezina,
nikarithishwa kiti.

Usiku wa kumi na mbili niliisoma vizuri: mbili na kumi na minne.
Usiku wa kumi na tatu mawingu yalilala juu ya maji kama kondoo,
nami nilikuwa nimechoka, nimetoka zamu hospitalini,
miguu imevimba, mtoto anakohoa chini.
Akaniuliza kutoka kitandani, "Umeiona?"
"Nimeiona."
"Saa ngapi?"
Nikatupa jicho kwenye mstari wa juu.
"Mbili na kumi na minne."

Alinyamaza muda wa kumenya chungwa.
"Hiyo ni ya jana," alisema. "Leo ni kumi kamili."
Halafu akacheka, kicheko cha kikohozi,
kile alichowachekea watu waliozigeuza mita kwa sumaku:
"Nimewakamata wezi mia mbili na zaidi, Rodanthi.
Mita haikuwahi kuiba hata mmoja."

Nikafuta. Nikaandika alichoniambia:
*Mlango umefungwa.*
Akaomba kalamu.
Akaandika kwa kupapasa, herufi zikishuka mlima,
zikivuka mstari, zikigonga ukingo wa karatasi:
*Msomaji mpya. Anajifunza.*

Usiku wa kumi na nne nilipanda mapema na blanketi la mama.
Taa za bwawa zikiwaka, mbwa wa Kalitsa akilia.
Saa mbili na dakika tano: jabali, giza, hakuna kitu.
Saa mbili na dakika sita
nikaita chini kupitia tundu la ngazi,
saa kwanza, nyota baadaye.
Hakujibu. Nilisikia kitanda kikilia
akigeukia kusini.