Pweza Hana Kesi

Mikono yangu ndiyo duka langu,
na duka limeota magamba.
Hapa Wete, chini ya taa ya marikiti,
nageuza pweza juu ya bati la moto.
Mteja anatazama kipande, kisha kidole,
kisha anakumbuka pesa kazisahau nyumbani.

Miaka tisa sasa. Pumu ya ngozi, waliiita.
Huondoka bila kuaga, hurudi bila hodi:
kiwikoni, nyuma ya goti,
katikati ya vidole panapokaa unga.
Usiku najikuna kama nakuna nazi.
Alfajiri shuka lina nukta za damu
na Shaame analigeuza upande wa pili, hasemi kitu.

Kila mtu ana dawa, na dawa ya kila mtu ni "acha".
Bi Mkasi: acha pweza, huyo ndiye anayekuwasha.
Wifi yangu: acha nazi, acha pilipili.
Mwalimu Faki, na miguu yake mwenyewe imejaa upele:
acha ngano, acha maziwa, acha mayai, acha na chai.

Nikaacha.
Muhogo na chumvi. Chumvi na muhogo.
Hata paka wa jirani akakata mguu barazani kwangu.
Nikakonda, buibui likawa ndilo linalonivaa mimi.
Ngozi je? Ngozi ilikaa palepale, imeshiba.

Daktari Sabiha hakunicheka.
Aliuliza nala nini, nikamjibu, sili.
Akavua miwani. "Nani kakufungisha mwaka mzima?"
Akanipa marhamu: hii usiiache,
chakula hakikalii kiti chake.
Wapo ambao chakula huwachokoza, akasema,
wapo ambao hakiwagusi ng'o,
na wewe sijui uko upande gani.
Nunua daftari. Rudisha kimoja kimoja, uje tutazame pamoja.
Andika. Usikisie.

Daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.
Nazi, wiki mbili: kimya.
Boflo kwa chai ya maziwa: kimya,
ila machozi yalinitoka, na si kwa kuwashwa.
Pweza nilimkata kipande cha ukubwa wa ukucha,
nikamtafuna nimefumba macho kama anayeruka mtaro.
Siku moja. Siku tatu. Juma.
Kimya.
Niwie radhi, pweza. Miezi kumi na moja
nilikuuza huku nikikusingizia.

Yai lilikuja mwisho, kwenye benchi la hospitali,
daktari akinitazama kwa jicho la pembeni.
Kabla ya adhuhuri shingo ikawaka.
Nikaandika: yai. Nikapiga mstari chini yake,
kalamu ikatoboa karatasi.

Lakini msinipigie vigelegele.
Sikuacha yai nikaamka na mikono ya bibi harusi.
Kuwasha kumepungua, hakukuhama.
Msimu wa karafuu, vumbi la makonyo lilipopanda,
viwiko viliwaka upya
na daftari halikuwa na yai hata moja.
Na kuna ukurasa mmoja, juma zima la moto,
sijui hadi leo nimlaumu nani.
Niliandika tu: sijui.
Daktari aliupenda ukurasa ule kuliko yote.

Sikukuu tulikula kwa mama mkwe, pilau ya kuku,
mayai ya kuchemsha yamepangwa juu kama taji.
Nilikaa na kijiko changu pembeni, ndiyo mazoea,
nisiwakate watu hamu.
Wifi yangu, yuleyule wa acha nazi,
akayahamisha mayai yote upande wake, moja moja,
akaipangusa mchele mahali yalipolala,
kisha akakichukua kile kijiko
akakikalia.

Mikono mitano ikaingia, mmoja una magamba.
Tulikula mpaka sinia likaonyesha maua yake.