Nilimkusudia Kunguru

Mimi ni mkalimani wa korti hapa Lamu, mwaka wa kumi na tisa.
Neno nalipokea kizimbani
nalivusha hadi mezani kwa hakimu
likiwa zima, Mungu akipenda.

Jumatatu alisimama Shekuwe Fumo, fundi wa chokaa, wa Langoni,
kucha bado nyeupe.
Jiwe lake lilimpata mtoto wa Bishee
jicho la kushoto.
"Ulikusudia?"
"Nilimkusudia kunguru, mheshimiwa.
Alikuwa juu ya tangi, ana kipande cha papa wangu."

Nia, kusudi, azma, dhamira:
ninayo maneno manne, na kalamu ya hakimu ilitaka moja.
Nikampa.
Akaandika kwa kitambo kirefu,
kwani sheria hulipima jiwe
kwa moyo wa aliyeliokota.

Kisha mtoto akaitwa.
"Ito langu halioni," akasema.
Nikavusha: jicho.
Hapo peke yake, siku ile, nilihisi kitu kimeniponyoka majini.

Nyumbani nikamkuta mama kajiinamia.
Alikuwa akilipa deni la Ramadhani;
usingizi ulimchukua kabla hajanuia,
akakumbuka jua likiwa linazama.
"Leo nimeshinda na ndaa tu, mwanangu. Si saumu hii."
Tumbo lile lile, koo kavu lile lile,
na daftarini pake hamna kitu.
Alhamisi atairudia.

Sikulala vizuri.
Pasipo nia, njaa ya mama haikuhesabiwa.
Pasipo nia, jiwe la Shekuwe limepunguziwa uzito.
Muuguzi anayedunga sindano ana nia njema kabisa,
na kilio ni kile kile hadi nje ya geti.
Zamani mwalimu wetu wa sarufi alisema:
penye "ili", tafuta mtu anayetaka kitu.
Nililala nikilitafuta "ili" la jicho.
Halina.

Shekuwe alitozwa faini, akalipa.
Hakuna aliyemwamuru zaidi ya hapo.
Lakini Ijumaa, baada ya swala, alionekana Wiyoni
na ndoo, na brashi ya katani,
anapaka ukuta wa Bishee.
Ijumaa ya pili pia. Na ya tatu.

Nilipomuuliza Bishee, alikuwa akichambua mchele.
"Nia yake siijui," akanijibu. "Ukuta ndio huo."

Mtoto alikuwa kizingitini, ukuta kushotoni mwake.
Akageuza kichwa kizima
ili auone.