Dakika ya Arobaini na Nane

Tulikutana Keko, karakana kwa Kondo,
tumekaa juu ya vitanda visivyopata mnunuzi
na makochi ya mbao tupu, bila sponji,
pua zimejaa vanishi, na hasira
inatafuta mlango.

Chuma alitaka tulipige mawe basi.
"Ndani ya basi yumo nani?" akauliza Tunu,
mweka hazina wetu, mshona vitambaa vya makochi.
"Yumo tajiri, au yumo Shukuru wa mama Zubeda
aliyekuwa akivunja taa zetu kwa mpira wa soksi?"
Chuma akanyamaza. Taa moja ilikuwa yake.

Mwingine akasema turushe chupa,
hizo za maji ya tajiri, zenye nembo yake.
Tunu tena, bila kuinua kichwa:
"Chupa ukiirusha, umeshainunua."

Basi tubaki majumbani, akasema Kibwana,
uwanja uwe mtupu kama shule mwezi wa Disemba.
Hilo tulilitafuna muda mrefu.
Lakini mtu aliyekuhamia chumbani
hashtuki ukienda kulala nje.
Anakushukuru, anabadilisha kitasa.

Na alishabadilisha mengi.
Zambarau yetu kaifanya bluu ya chupa.
Kiingilio cha mzunguko kimepanda mara tatu.
Majina ya waasisi ukutani yamepakwa rangi,
hata la babu yake Tunu, kuli wa bandarini,
aliyetoa shilingi mbili mwaka wa arobaini na nane
akiwa na deni la mchele.
Sisi wa Keko, kilichotuchoma ni benchi.
Benchi la mninga, futi kumi na nne,
tulilichonga bure kwa chumba cha wachezaji,
halina msumari hata mmoja.
Kalitoa. Kaweka viti vya plastiki.

Nikaandika, mimi katibu, nyuma ya risiti ya mbao:
tulipe, tuingie, tuvae zambarau.
Vijana tuwashangilie kwa majina yao.
Matusi ya mama, hapana;
mama wa tajiri hakununua timu.
Ikigonga dakika ya arobaini na nane
tusimame, tumgeuzie mgongo, kimya,
dakika tano.
Ngoma zilale. Vuvuzela zilale.
Chuma, na wewe pia.

Jumapili, Uwanja wa Uhuru, jua la saa kumi.
Tukageuka.
Hujasikia kimya mpaka usikie kimya cha watu
waliolipa ili wapige kelele.
Mbele yangu muuza karanga, sinia kichwani,
ametukodolea macho kana kwamba tumemjia yeye.
Nyuma yangu mpira unadunda.
Sikio likashika kazi ya jicho:
huyo kipa, hiyo filimbi,
na huo mguu naujua, ndio uliovunja taa.
Dakika ya hamsini na moja
macho ya muuza karanga yakapanuka, sinia likainama,
nikaona bao zima usoni mwake.

Kondo aligeuka. Alishindwa.
Hakuna aliyemzomea. Tunu alimshika bega
akamrudisha polepole, kama mlango uliopinda.
Sisi wengine tulishangilia kwa migongo.

Kesho yake tajiri akatangaza: wachache, wahuni, wametumwa.
Zambarau haijarudi.
Benchi, Kondo anaapa kaliona baa moja Chang'ombe,
limekaliwa na watu wasiojua wamekalia nini.
Jumapili tutageuka tena.

Ila katibu huandika yote, basi na hili liandikwe:
baada ya mechi nilimfuata yule muuza karanga,
nikanunua za mia tano nisizozitaka,
nikamuuliza, lile bao, liliingia upande gani?
"Kushoto, chini. Likagonga nguzo kwanza."
Akanitazama.
"Kwani wewe hukuwepo?"