Kidole cha Nne

Chumba kilikuwa na dirisha moja, na dirishani Kadutu nzima:
mabati, moshi, mama wa makala akipanda kilima
na kamba ya mzigo imembana kipaji cha uso.

Bi Nsimire hakunipima damu.
Alifungua daftari la shule, akauliza kazi yangu.
Nabadilisha pesa pale Nyawera, nikasema,
dola kwa faranga, faranga kwa dola.
Noti bandia naijua kwa kidole gumba, hata gizani.

"Katika miezi hii kumi na miwili," akaanza,
kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya maharagwe.

Dau limekuwa likipanda, ili moyo uruke kama zamani?
Nikakumbuka faranga mia tano za kwanza,
halafu mtaji wa shemeji Mugisho.
Ndiyo. Akakunja kidole.

Umewahi kuapa kuacha?
Mara tatu. Ya tatu niliapa
tiketi ikiwa mkononi, bado ina joto la mashine.
Kidole.

Ukiliwa, unarudi kesho yake kuzifuata zilizokwenda?
Nikacheka. Mama, aliyedondosha kitu
si hurudi njiani kukitafuta?
Hakucheka. Kidole.

Hapo nikajigundua:
nilikuwa nimeshaweka dau.
Kichwani, kimyakimya, dola ishirini
kwamba ataishia kwenye vitatu.

Akazungukia pembeni. Unalala?
Kuna majuma usingizi huuhitaji,
unanunua ovyo, unajiona ziwa zima ni lako?
Hapana. Nalala. Naota matokeo
ya mechi za nchi nisizozijua.
Akaandika neno, akalikata.
Kumbe kuna ugonjwa mwingine uliobisha hodi
akaurudisha mlangoni.

"Na Nabintu anajua?"
Hakusema mkeo. Alitaja jina,
nililolisema mara moja tu, nikiingia.

Nabintu anajua kwamba karo ya Asifiwe iliibwa sokoni,
na mwizi alikuwa na kovu shavuni.
Kovu hilo nililitunga mwenyewe.
Nililionea fahari.

Kidole cha nne kikalala.
Gumba likabaki limesimama peke yake.

"Vinne vinatosha," alisema taratibu. "Lakini maswali yangu ni tisa."

Mimi hesabu naijua, ndiyo chakula changu.
Nikamwomba aanze upya.
Mara moja tu, Mama, kuanzia lile la kwanza,
safari hii nitajibu vizuri.

Alinitazama muda mrefu,
akainua mkono wa pili.